Kiti cha Mtu Mmoja

Aslaug hakupenda treni. Tuanze na hilo, maana kijiji kizima cha Skarvli kiliamini kinyume chake, na watu wa Skarvli wakishaamini jambo hata uwaletee ushahidi kwa toroli hawakusikii. Kwake treni ilikuwa chuma kinachopiga kelele, kinachonuka breki na kumrushia mtu theluji chafu usoni. Ungemshika koo asingeweza kukuambia kichwa cha treni cha jana kimetofautiana vipi na cha leo. Na bado, kila siku ya Mungu, kabla ya saa sita mchana, alivaa buti zake, akajifunga skafu, akashuka mpaka kwenye uzio ulio nyuma ya lifti inayowapandisha mlimani watelezaji wa theluji, akasimama kuzitazama.

Kisa ni kwamba pale kwetu reli ni moja. Treni ya Oslo inafika, inaingia njia ya pembeni, inamsubiri mwenzake wa kutoka Bergen ndipo wapishane. Kwa muda huo mfupi mabehewa yanasimama kimya, na watu waliomo, na skii zao na watoto wao na mikate yao ya jibini ya kahawia, hawana la kufanya ila kutazama nje. Nje kuna nini? Kuna mlima mweupe, kuna uzio, kuna Aslaug. Wanamwona. Basi, hicho tu ndicho alichokuwa akifuata. Tangu mumewe, Halvard, azikwe, zilikuwa zinapita wiki nzima bila jicho la mtu kutua usoni pake, ukiondoa la muuza duka, na huyo naye macho yake yako kwenye mashine ya kulipia.

Sasa jambo kama hilo utamwambia nani? Kwetu mtu hasimami mahali bila shughuli. Ukisimama tu, watu watakuogopa, au watakuonea huruma, na kuliko huruma ya jirani ni bora umwagiwe maji ya baridi. Lazima uwe na mbwa, au skii, au angalau kikapu cha uyoga. Aslaug hakuwa na kimojawapo. Sababu ya kusimama pale alipewa na Torleiv.

Torleiv alikuwa mwalimu mstaafu wa useremala, mgane, mrefu kama mlingoti, na nyumba yake ya manjano iko juu kidogo ya stesheni. Huyo ndiye aliyezipenda treni kwelikweli. Siku ya kwanza alipomkuta Aslaug uzioni, alisimama kando yake kwa muda mrefu, akakohoa, kisha akauliza:

"Unapenda treni?"

Angejibu nini? Kwamba nyumbani anazungumza na redio, na juzi redio ilipomtakia usiku mwema aliijibu?

"Sana," akasema Aslaug. "Tangu utotoni."

"Aaa!" Uso mrefu wa Torleiv ukachangamka. "Basi leo una bahati. Ya mizigo inakuja na vichwa viwili."

"Viwili!"

"Viwili."

Ndiyo hivyo uongo ulivyozaliwa, na kijiji kikaulea mpaka ukanenepa. Krismasi ile Aslaug alipata kikombe chenye picha ya treni. Iliyofuata akapata kalenda ya treni, soksi za treni na mto wa kochi wenye treni iliyofumwa kwa mkono. Alishukuru kila mara. Kabati lake lilijaa mpaka likawa halifungi.

Lakini alipata na Torleiv. Walisimama pamoja uzioni kila mchana, miaka nenda miaka rudi, bega karibu na bega, wakitazama mbele. Torleiv alieleza habari za breki, za magurudumu, za ile mashine inayokata theluji na kuirusha kando. Aslaug alisema "Enhee" na "Usiniambie!" mahali panapofaa. Hakuelewa hata neno moja, alikuwa akisikiliza sauti tu. Wakati wa baridi kali Torleiv alimmiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa yake. Treni zikiondoka, kila mtu kwake. Aslaug hakuwahi kuingia nyumba ile ya manjano, wala Torleiv hakuwahi kuketi jikoni kwake. Nani angemkaribisha nani, na kwa shughuli gani?

Vuli moja, majani ya mlimani yakiwa yameshageuka mekundu, Torleiv alisema huku akitazama reli:

"Mwanangu Ingunn ananisumbua. Anataka niuze nyumba nihamie kwake Stavanger. Ana chumba cha chini."

"Na wewe unasemaje?" Aslaug aliuliza.

"Sijui. Hapa nina nini? Nina nyumba kubwa na ngazi zinazoteleza. Wewe ungefanyaje?"

Hapo sasa! Mtu amekufungulia mlango, amesimama pembeni na kofia mkononi. Ilikuwa ni kusema neno moja tu: usiende. Na Aslaug, mwanamke mwenye akili zake, aliyelea watoto wa shule kwa chapati zake za sukari alipokuwa akiuza chakula kwenye kibanda cha lifti, alisema nini?

"Hiyo ni hiari yako, bwana. Kila mtu na maisha yake."

Ningekuwepo ningemfinya. Lakini ndivyo tulivyo. Tumelelewa kwamba kumwachia mtu mambo yake ndiyo heshima kubwa kuliko zote, na tunaheshimiana hivyo mpaka tunakufa.

Torleiv akaitikia kwa kichwa. "Ni kweli," akasema. Treni ya Bergen ikafika.

Mwezi huohuo Gunnvor, mwenyekiti wa klabu ya watelezaji, alimkamata Aslaug dukani. Gunnvor ni mwanamke mwema, ila wema wake una mbio, huwezi kuukwepa. Alitaka Aslaug awe anakuja ukumbini kila Alhamisi, kwenye kahawa ya wazee.

"Njoo, mama, uchangamke! Tunacheza bingo, kuna skonzi za mdalasini. Unakaaje peke yako huko nyumbani?"

Neno "peke yako" lilimchoma Aslaug mbele ya watu. Akainua kidevu.

"Mimi na treni zangu tunatosha," akasema. "Raha yangu ni kuwa peke yangu nazo, bila mtu wa kunipigia kelele."

Alisema hivyo kwa kiburi tu, ili asihurumiwe. Lakini Gunnvor aliyabeba maneno yale kama yalivyo, akayafikisha kila mahali, na kwa heshima kubwa. Kabla ya Jumapili kijiji kizima kilijua raha ya Aslaug ni kuwa peke yake. Na Torleiv ni mtu wa kijiji kile kile.

Mwezi wa kumi na moja Aslaug akatimiza miaka sabini. Walimfuata nyumbani, Gunnvor mbele na bendera ndogo, wakampeleka mpaka kwenye uzio wake. Kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Torleiv alisimama nyuma ya wote, ameinamia buti zake.

"Aslaug wetu," Gunnvor alihutubia, "umewapa chakula watoto wetu kibandani miaka yote ile. Sisi tukajiuliza, tumpe nini? Tukasema, tumpe anachokipenda. Klabu imenunua mbao, na Torleiv ndiye fundi. Haya, vuta!"

Aslaug akavuta turubai. Kilikuwa kibanda kidogo cha mbao za msonobari, kimepigwa randa mpaka kinang'aa, paa lake limeinamishwa vizuri ili theluji iteremke. Mbele kilikuwa wazi, kimeelekea reli. Ndani kulikuwa na kiti kimoja chenye mgongo mrefu na mikono miwili mipana, kimetandikwa ngozi ya kondoo. Ubavu wa kushoto ukuta, ubavu wa kulia ukuta. Nafasi ilimtosha Aslaug na koti lake, basi. Hata paka angekosa pa kupenya.

"Cha mtu mmoja!" Gunnvor alisema kwa furaha. "Hakuna mtelezaji atakayekuja kukubananisha."

Torleiv akasogea, akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti kana kwamba anatafuta kibanzi. Hakumtazama Aslaug.

"Sasa hutasumbuliwa tena," akasema.

Aslaug alisikia maneno hayo, na masikioni mwake yakawa maneno mengine kabisa: sasa niache, nimekuchoka. Mtu anakujengea sanduku kwa mikono yake mwenyewe, anakuwekea kuta huku na huku, utaelewa nini? Machozi yakamtoka, na hakuweza kuyazuia.

"Tazameni, jamani, analia kwa furaha," Gunnvor alinong'ona, naye akaanza kulia. Wakamkalisha. Wakampigia makofi. Kisha wakaondoka polepole, wakinyata, ili wamwachie raha yake.

Kesho yake Torleiv hakuja uzioni. Aslaug alichungulia nje ya kibanda chake, na ng'ambo ya reli, mbali, karibu na mdomo wa handaki la treni, akaona koti la bluu la Torleiv limesimama kwenye upepo. Uso haukuonekana. Treni zikaja, zikapishana, zikaenda zake, na koti la bluu nalo likaenda zake.

Basi baridi ile ilianza hivyo, na ilikuwa ndefu. Ndani ya kibanda hapakuwa na upepo, ni kweli, na ngozi ya kondoo ilikuwa na joto. Lakini watu wa kwenye mabehewa hawakumwona tena vizuri, maana alikuwa kivulini, kwenye boksi. Watelezaji waliokuwa wakisimama uzioni kufunga buti na kusema "baridi leo, eh" sasa walipita mbali, wakiinamisha kichwa kwa adabu, kama watu wanaopita mbele ya kanisa wakati wa sala. Aslaug aliketi pale na mikono yake juu ya mikono ya kiti, akatazama koti la bluu kule handakini. Zamani alikuwa mpweke kwa sababu hapakuwa na mtu. Sasa alikuwa mpweke kwa sababu kijiji kizima kilikuwa kimekaa kikao kikaamua awe hivyo.

Alijaribu, tusimnyime haki yake. Siku moja alijikaza, akavuka daraja la juu ya reli, akaifuata njia ya kuelekea handakini. Torleiv alimwona akija. Aslaug akapunga mkono. Torleiv naye akapunga, kisha, Mungu wangu, akakusanya chupa yake ya kahawa na mkoba wake, akapanda juu kwenye miamba kumpisha, akidhani ametaka mahali pale kwa siku hiyo. Aslaug alifika kwenye mdomo wa handaki akakuta nyayo kubwa kwenye theluji na tone la kahawa. Akasimama pale mpaka treni ikapita, kwani angerudije vivi hivi? Huko juu miambani Torleiv akainua kofia kidogo, kwa heshima.

Angeweza kupiga simu, utasema. Namba anayo, kijiji kizima kina namba za kijiji kizima. Lakini umpigie mtu aliyekujengea ukuta umwambie nini?

Mwishoni mwa Februari, dukani, muuza duka aliongea bila kuinua macho:

"Nasikia wa Oslo wamekuja kuangalia nyumba ya Torleiv. Mara mbili. Wanataka ya kufikia wakati wa kuteleza. Watu na watoto wao, wana gari kama basi."

"Ameshauza?" Aslaug aliuliza.

"Bado. Anasitasita, sijui anasubiri nini. Mfuko unataka?"

Aslaug alirudi nyumbani bila maziwa aliyoyafuata. Anasitasita! Neno hilo lilizunguka naye jikoni siku mbili. Mtu anayesitasita bado hajaenda. Mtu anayesitasita anaweza kuvutwa shati. Ila kwa mdomo hakuweza, alijijua. Mdomo wake ulikuwa umezoea kusema "kila mtu na maisha yake" kabla yeye hajafikiri.

Siku ya tatu ukavuma upepo wa kung'oa bati. Lifti ikafungwa, barabara ikafungwa, hata treni zikazuiwa kwenye stesheni za chini zisipande. Hapakuwa na mtu nje. Aslaug akashuka gereji, akautoa msumeno wa marehemu Halvard, akajifunga skafu mbili, akaenda kwenye kiti chake.

Aliukata mkono wa kulia wa kiti, upande aliokuwa akisimama Torleiv zamani. Mti ulikuwa mgumu, fundi alikuwa fundi kweli, na Aslaug alimlaani na kumsifu kwa pumzi ileile. Mkono ukaanguka. Akazigeukia mbao za ukuta wa kulia, akazikata, akazipiga teke moja moja na buti mpaka zikalala kwenye theluji. Alipomaliza alikuwa anahema, jasho linamtiririka chini ya koti, na kulikuwa na tundu kubwa upande ule, mtu anaweza kuingiza bega na nyonga akakaa. Alitaka Torleiv alione tundu hilo. Fundi akiona nafasi iliyoachwa ataelewa ni ya nani, ndivyo alivyowaza, na kwa kweli ukiwa umeshika msumeno kwenye dhoruba jambo hilo linaonekana wazi kabisa.

Upepo ulipotulia kijiji kikaona. Loo!

"Wahuni!" Gunnvor aliandika kwenye ukurasa wa kijiji mtandaoni. "Wamevunja kiti cha bibi wa miaka sabini!" Wakalaumiwa vijana wa Oslo waliopanga nyumba za likizo. Wakalaumiwa walevi. Mmoja akasema amewaona Waswidi. Dukani watu walimshika Aslaug mkono, na kwetu watu hawashikani mikono ovyo, wakamwambia pole, wakamwambia usiogope, kitarudi kama kilivyokuwa. Aslaug alifungua mdomo mara kadhaa. Kila mara Gunnvor aliufunga kwa kumkumbatia.

Torleiv alikuja siku moja, akasimama mbele ya kibanda, akapitisha kidole kwenye mbao zilizokatwa, akaenda zake. Aslaug alimwona kupitia dirisha lake. Alikuwa ameinama zaidi kuliko alivyomzoea.

Gunnvor akaitisha msaragambo, Jumamosi moja kabla ya wiki ya Pasaka. Nusu ya kijiji ilikuja, na nyundo, na soseji, na mikate ya viazi, na birika kubwa la kahawa. Wengine walikuja na mbao ambazo hakuna aliyewaomba. Kulikuwa na jua, theluji inamulika macho, lifti inanguruma. Ukuta wa kulia ulikuwa umeshapigwa upya, na Torleiv alipiga magoti mbele ya kiti akitia mkono mpya, safari hii kwa vyuma na skrubu ndefu.

"Huu hata kwa shoka hautoki," alisema mtu mmoja.

"Na tazameni hiki!" Gunnvor akainua kibao kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: HAPA ANAKAA ASLAUG. TAFADHALI USIMSUMBUE. "Tunakipigilia hapa juu. Na kijana wangu ataleta kamera ya ulinzi."

Aslaug alisimama na kikombe mkononi. Alitazama kibao, akamtazama Torleiv anavyokaza skrubu, taratibu, moja baada ya nyingine, akaona jinsi anavyofungiwa humo mpaka kufa kwake, na kwa upendo.

"Ni mimi," akasema.

"Ni wewe, ndiyo, mama, ni chako," Gunnvor alisema.

"Ni mimi niliyekikata!" Sauti ilimtoka kubwa mno. Nyundo zikanyamaza. "Kwa msumeno wa Halvard. Msimtafute mtu. Sipendi treni. Sijawahi kuzipenda, hata siku moja. Nilikuwa nakuja hapa ili niwe na watu, na nyinyi mmenitia kwenye boksi!"

Kimya. Unajua kimya chetu? Watu thelathini walitazama buti zao kama vile kuna maandishi. Mmoja akasema mawingu yanajongea, na anga ilikuwa bluu tupu. Mwingine akasema kahawa imekwisha, na birika lilikuwa limejaa. Gunnvor alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Akakishusha kibao taratibu, akakigeuza maandishi yatazame chini.

"Basi," akasema kwa upole wa kuua, "tumwache Aslaug apumzike."

Na wakamwacha! Wakakusanya nyundo zao na soseji zao, wakaondoka mmoja mmoja, wakinyata. Mwanamke amelia mbele yenu kwamba hataki kuachwa peke yake, nanyi mnamwonea haya kwa niaba yake, mnamwacha peke yake. Ndio sisi hao.

Torleiv hakuondoka. Alikuwa bado amepiga magoti, skrubu moja kati ya meno. Akaitoa.

"Ungesema," akasema.

"Ningesemaje?"

"Kwa mdomo, Aslaug. Watu husema kwa mdomo."

"Na wewe je? Umenijengea sanduku! Nilijua umenichoka."

"Nimekuchoka?" Akasimama, goti likalia. Alikuwa amekasirika, na Aslaug hakuwahi kumwona amekasirika. "Nimepiga randa mbao zile mwezi mzima. Nani anampigia randa mtu aliyemchoka? Wewe ulimwambia Gunnvor unapenda kuwa peke yako, bila mtu wa kukupigia kelele. Nikajiuliza, kelele zenyewe ni za nani kama si zangu? Nikaona aibu. Miaka yote nimesimama hapa nakujaza breki na magurudumu, nawe kwa adabu yako unaniitikia. Nimekaa kule handakini baridi nzima, upepo unanipiga kutoka mbele na nyuma, ili upate raha yako!"

"Breki zako zilikuwa zinanichosha sana," Aslaug alisema. "Sikuelewa hata neno moja. Nilikuwa nasubiri kesho yake uje unichoshe tena."

Torleiv alimtazama. Kitu kama kicheko kilimtoka puani, kikaishia hapohapo. Akaketi kwenye theluji, mtu mzima yule, na kuuweka mkono usoni.

"Usiuze nyumba," Aslaug akasema. Ndiyo, alisema. Maneno yalitoka mepesi kabisa, akashangaa mwenyewe. "Usiende Stavanger. Nakuomba."

"Nimeshauza."

"Dukani wamesema unasitasita."

"Nilisitasita. Nilisubiri mtu aniambie neno." Hakuwa anamlaumu; hilo ndilo lililofanya maneno yaume zaidi. "Jana nimekubali bei yao kwa simu."

Aslaug hakuuliza kama anaweza kubadili. Kwetu ukishakubali bei umekubali, hata iwe kwa simu, hata mtoto mdogo anajua. Nyumba ya manjano ilikuwa ya watu wa Oslo.

"Lini?" akauliza tu.

"Theluji ikishayeyuka."

Torleiv akajipangusa theluji, akafungua mkoba wake, akatoa bisibisi. Akaanza kuzifungua skrubu alizozikaza muda si mrefu, moja baada ya nyingine, akauondoa mkono mpya akautupa. Akatoa na msumeno, akaushambulia ukuta. Aslaug akashika mbao zisitikisike. Treni ya Oslo ikaingia, ikasimama, imejaa watu wa Pasaka hadi mlangoni, na Torleiv hakuinua kichwa. Aslaug naye hakutazama kama dirishani kuna mtu anayemwona. Ya Bergen ikapita ikiwarushia ukungu wa theluji mgongoni, wakaendelea kukata.

Walipomaliza, Torleiv akaiweka ngozi ya kondoo katikati, ikafika nusu huku nusu kule. Wakaketi. Palikuwa pamebana, nyonga moja ya Torleiv ilikuwa nje.

"Sogea kidogo," akasema.

"Nimefika ukutani."

"Haya."

Reli zilikuwa tupu, hapakuwa na cha kutazama. Aslaug alivua glavu, akautia mkono wake mkononi mwa Torleiv, na Torleiv akauacha hapo.

"Jana saa ngapi?" Aslaug aliuliza.

"Asubuhi. Saa nne hivi."

Saa nne Aslaug alikuwa jikoni anaoka skonzi za kuwapa waliokuwa wanakuja kumtengenezea kiti. Simu ilikuwa pale mezani, kando ya unga.